Kile cheti cha A mpaka G kinapima nyumba, hakikupimi wewe

"Dada, yamenikuta." Ndivyo ulivyoanza ujumbe wa sauti alionitumia binamu yangu wa Leicester, Uingereza. Anataka kuuza nyumba yake ya vyumba vitatu ahamie karibu na wanawe. Dalali kamwambia nyumba haitangazwi bila cheti cha nishati. Jirani kamwambia kikitoka na D hataruhusiwa kuuza. Shemeji yake, ambaye hana nyumba hata moja lakini ana maoni juu ya nyumba zote, kamshauri awakataze watoto kuwasha taa kwa mwezi mzima ili cheti kitoke kizuri.

Katika watatu hao, aliyesema kweli ni dalali peke yake, jambo ambalo halitokei kila siku. Nikaona badala ya kumjibu yeye tu, niliandike jambo hili lote, maana maswali haya nayasikia kila ninapokaa na Waswahili wa Uingereza, wenye nyumba na wapangaji. Nayasikia hata kwa walionunua nyumba kule, kisha wakarudi Mombasa au Muscat na kumwachia wakala aipangishe.

Tuanze na chenyewe. Kwa herufi zake kinaitwa EPC. Ni hati inayoeleza nyumba fulani inahitaji nishati ya gharama gani kupata joto, maji ya moto na mwanga. Ndani yake mna alama kuanzia 1, herufi kuanzia A hadi G, na orodha ya mapendekezo ya kuiboresha nyumba. Kinadumu miaka 10. England na Wales kilianza 2007 kwa nyumba zinazouzwa, na 2008 kikafika kwenye za kupangisha. Mzizi wake ni agizo la Umoja wa Ulaya la 2002. Uingereza ilijitoa katika Umoja huo, cheti kikabaki.

Kinatakiwa nyumba inapojengwa, inapouzwa na inapopangishwa. Unayeishi kwako na huna mpango wa kuuza wala kupangisha, hakuna atakayekugongea mlango kukidai.

Chupa ya chai na birika

Mimina chai kwenye chupa alfajiri, mpaka saa nne bado inaunguza ulimi. Iache hiyohiyo mezani kwenye birika lisilo na kifuniko, nusu saa tu unakunywa maji yenye harufu ya tangawizi. Chai ni moja na jiko lililoichemsha ni moja. Kilichotofautiana ni chombo.

Nyumba ya nchi ya baridi ni chombo cha kutunzia joto. Boila, mashine inayochemsha maji ya kupasha nyumba joto, ndiyo jiko. Kuta, paa, sakafu na madirisha ndiyo chupa au birika, kutegemea bahati yako. Aliyewahi kulala Njombe mwezi wa Julai kwenye nyumba ya bati isiyo na dari anaelewa bila kuchorewa: unaweza kuwasha mkaa wote wa gunia, joto linapanda moja kwa moja kwenda kwa Mungu.

Cheti kinauliza maswali mawili tu. Joto linatoroka kwa kasi gani? Na kulirudisha kunagharimu paundi ngapi kwa mwaka, kwa kila mita ya mraba ya sakafu? Majibu yanaingizwa kwenye programu ya kompyuta, inatoka namba. Alama 100 maana yake gharama ya nishati inayohesabiwa ni sifuri, na yenye sola nyingi inaweza hata kupita hapo. Namba kisha inapewa herufi: A ni 92 na kuendelea, B ni 81 hadi 91, C ni 69 hadi 80, D ni 55 hadi 68, E ni 39 hadi 54, F ni 21 hadi 38, na G ni zilizobaki chini. Nyumba nyingi za kule ziko C na D, kwa hiyo mwenye D asijione kafeli mtihani.

Bili yako haimo

Hapa ndipo shemeji alipopotea, na wengi wako naye. Watu hudhani mkaguzi anaangalia mita, au anaomba bili za mwaka jana. Haombi. Programu inamchukua mkazi wa kubuni, anayeishi kwa kanuni: sebule nyuzi 21, vyumba vingine karibu 18, hita inawashwa kwa saa zilizopangwa, na idadi ya watu inakisiwa kutokana na ukubwa wa sakafu. Mkiishi saba au uishi peke yako, ukilala na koti au ukiacha redieta, yale mabamba ya joto ya ukutani, zinawaka usiku kucha na dirisha wazi, herufi ni ileile.

Ni kama gari lililoandikwa kwamba linakwenda kilomita 15 kwa lita. Ukilipeleka kwenye foleni ya Ubungo saa kumi na mbili jioni hutaziona kilomita hizo, lakini namba ile bado inakusaidia kulilinganisha na gari la pembeni yake. Cheti nacho ni hivyo. Mnunuzi hana haja ya kujua wewe ni bahili au mtumiaji, kwa sababu wewe hauzwi. Kinachouzwa ni nyumba.

Friji, oveni, pasi na televisheni havihesabiwi. Taa zinahesabiwa, ila kinachoangaliwa ni aina ya balbu zilizofungwa. Muda unaoziwasha hauna uzito. Kwa hiyo badala ya kuwakalisha watoto gizani, afadhali binamu yangu angebadilisha balbu za zamani akaweka za LED.

Niseme na hili, kwa sababu linagombanisha watu kwenye makundi ya WhatsApp: Ujerumani wana vyeti vya aina mbili, kimoja cha kukokotoa na kingine kinachotokana na matumizi halisi ya angalau miaka mitatu. Jamaa wa Berlin akikwambia bili zake ndizo zilizompa alama, usimwite mwongo. Anaongelea cheti cha kwao.

Asichokiona mkaguzi hakipo

Mkaguzi si mtu wa serikali. Ni mtu binafsi aliyesomea kazi hiyo na kusajiliwa na taasisi inayomsimamia. Nyumba ya kawaida humchukua saa moja, mara nyingi pungufu. Anapima vyumba kwa kifaa cha mwanga na kupiga picha. Anaangalia unene wa ukuta dirishani, kioo ni kimoja au viwili, jina na modeli ya boila, kama tangi la maji ya moto limevalishwa koti, kama kila redieta ina kidhibiti chake. Anapanda darini na kuchomeka rula kwenye ile pamba ya kuzuia joto iliyotandazwa kama godoro. Kipimo kinachopendekezwa siku hizi ni milimita 270, kina cha shubiri na zaidi. Nyumba nyingi za zamani zina 100, na nyingine zina vumbi na masanduku ya Krismasi.

Hatoboi ukuta wala hafumui sakafu. Kisichoonekana, programu inakisia kwa umri wa nyumba. Kwa kawaida nyumba za kabla ya miaka ya 1920 zina ukuta mmoja mzito wa matofali. Zilizofuata zikaanza kujengwa kwa kuta mbili zenye uwazi katikati, na uwazi huo unaweza kujazwa pamba au chembechembe kupitia matundu yanayotobolewa kwa nje. Ukiona vidoa vya saruji vimepangana kwenye ukuta kama vifungo vya kanzu, hapo pamewahi kujazwa. Mkaguzi mzuri anavitafuta. Lakini vikipakwa rangi juu, inabaki karatasi yako ya dhamana ndiyo shahidi.

Nimeonja mwenyewe. Nyumba niliyokuwa nayo, ya safu, imejengwa mwanzoni mwa karne iliyopita, darini ilikuwa na pamba nzuri tu. Ila fundi aliyepaka rangi dari miaka miwili kabla alipitisha brashi juu ya kile kidirisha cha kupandia, rangi ikakauka, kikagandana na fremu. Mkaguzi alikuja, akasukuma kwa kiganja, akasukuma kwa mpini wa ufagio wangu, kikagoma. Kuvunja hawaruhusiwi. Akaandika kwamba hakufika. Programu ikaichukulia nyumba yangu kama mwenzake yeyote wa umri ule: 52, E. Nilinung'unika wiki nzima, kisha nikachukua kisu na kuikata rangi pembeni. Dakika kumi. Nikalipia ukaguzi mwingine, ikatoka 60, D. Hakuna kilichoongezwa kwenye nyumba ile isipokuwa njia ya kupita macho ya mtu.

Kwa hiyo kabla mkaguzi hajaja, fungua darini, ondoa kabati linaloziba boila, na weka mezani risiti na vyeti vyote: vya madirisha, vya kujaza ukuta, vya pamba ya sakafuni, vya boila. Neno lako, hata ukiapa, haliingizwi kwenye programu.

Kuuza ni mlango mmoja, kupangisha ni mwingine

Jirani wa binamu yangu alichanganya sheria mbili, na ndiyo fujo kubwa kuliko zote.

Kwenye kuuza, sheria inataka cheti kiwepo. Haisemi lazima kiwe na herufi gani. Unaweza kuuza nyumba ya D, ya F, hata ya G yenye upepo unaoingia sebuleni kama mgeni aliyealikwa. Mnunuzi atakuomba punguzo, ndiyo, lakini hakuna wa kukuzuia. Cheti kiwe kimeagizwa kabla nyumba haijatangazwa, na muuzaji au wakala ajitahidi kukipata ndani ya siku 7. Zikishindikana kwa sababu ya msingi, kuna 21 za nyongeza. Herufi yenyewe inatakiwa ionekane kwenye tangazo. Asiyefanya hivyo anaweza kutozwa paundi 200.

Kwenye kupangisha kuna kizingiti. England na Wales, tangu tarehe 1 Aprili 2018 nyumba binafsi haipangishwi upya ikiwa chini ya E, na tangu 1 Aprili 2020 hata upangaji uliokuwa unaendelea umeingia. Nyumba ya F au G inatakiwa kurekebishwa, mwenye nyumba akitumia hadi paundi 3,500, kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ikiwa humohumo. Akitumia kiasi hicho na bado haijafika E, anaandikisha msamaha kwenye daftari la serikali, nao unadumu miaka 5. Msamaha haurithiwi: ukinunua nyumba ya aliyesamehewa, wewe unaanza upya. Anayepangisha kinyume cha hapo anaweza kutozwa na halmashauri mpaka paundi 5,000 kwa nyumba moja. Kuishi Mombasa au Muscat hakukuondolei wajibu, hata kama funguo ziko kwa wakala.

Scotland na Ireland ya Kaskazini zina sheria zao. Kizingiti hiki cha E si chao. Scotland cheti kinatakiwa hata kubandikwa ndani ya nyumba, kwa mfano kwenye kabati la boila au la mita. Ufaransa nako wamekaza zaidi: tangu Januari 2025 nyumba ya G haiingizwi mkataba mpya wa upangaji, F zitafuata 2028 na E 2034. Taarifa za aina hii zikisambazwa bila jina la nchi ndipo mtu wa Coventry anapokosa usingizi kwa sheria ya Paris.

Na yale maneno yanayosambaa kwamba nyumba ya kupangisha "lazima iwe C"? Ina historia ya kuchosha. Mwaka 2020 serikali ya Uingereza ilipendekeza nyumba za kupangisha zifike C, mikataba mipya ikianza 2025 na mingine yote 2028. Septemba 2023 waziri mkuu Rishi Sunak akalifuta pendekezo. Serikali ya chama cha Labour ikalirudisha, na Februari 2025 ikafungua maoni juu ya kufikia C ifikapo 2030. Wengi walisikia mwaka 2025 na hawakusikia kufutwa. Ukiwa mwenye nyumba ya kupangisha, iweke 2030 kichwani unapopanga matengenezo, lakini usikubali kutishwa na fundi anayekwambia muda umeshapita.

Wewe uliye mpangaji, cheti ni haki yako kupewa bure kabla ya kuhamia. Hata kabla ya kwenda kuiona nyumba, ingia kwenye daftari la vyeti kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, andika postikodi, yaani namba ya posta ya mtaa, chagua anwani. Hakuna malipo. Tazama herufi, kisha shuka chini usome mstari wa kupasha joto. Ukikuta hita za umeme za kawaida kwenye nyumba ya ukuta mmoja, piga hesabu ya bili kabla hujapenda jiko. Ukikuta F au G na hakuna msamaha uliosajiliwa, wa kumwambia ni halmashauri.

Kwa nini umeme unashusha alama

Kwa kuwa alama inatokana na gharama, bei ya nishati ina nguvu kubwa. Uingereza, uniti ya umeme ni ghali mara kadhaa kuliko ya gesi. Matokeo yake, fleti ndogo iliyobanwa vizuri, ila inayotumia hita za umeme za ukutani, inaweza kupitwa na nyumba kubwa yenye gesi. Nyumba isiyo na mfumo wowote wa kudumu ni mbaya zaidi: programu inachukulia kwamba mnatumia vihita vya kuchomeka.

Ndipo pia ulipo ugomvi wa pampu ya joto, ile mashine inayokusanya joto la nje na kuliingiza ndani. Serikali inatoa ruzuku ya paundi 7,500 kwa anayeifunga England na Wales, kwa sababu inapunguza hewa ukaa, halafu cheti kinaweza kumpa mtu huyohuyo alama chache tu za nyongeza kwa kuwa mashine inatumia umeme. Mimi naona lawama hizo ni za haki, na si bure kwamba namna ya kukokotoa inaandikwa upya. Mpaka hapo, kumbuka kwamba herufi inajibu swali la mfuko. Swali la mazingira linajibiwa mahali pengine kwenye hati hiyohiyo, ambapo watu hawasomi.

Ukitaka kupanda

Mapendekezo yaliyoandikwa kwenye cheti hayakulazimishi. Yako na makadirio ya gharama na alama utakazofika, na thamani yake iko kwenye mpangilio: anza na ya bei nafuu. Balbu. Koti la tangi. Pamba ya darini, ambayo kwa pesa ndogo hupandisha nyumba kuliko madirisha mapya ya maelfu ya paundi. Kujaza ukuta wenye uwazi, ikiwa ukuta ni mkavu. Usizibe kila tundu ukasahau hewa: nyumba iliyofungwa kama debe, humo mnachemsha wali, mnafua, mnaoga, itaota ukungu mweusi pembeni mwa dirisha kabla ya Februari.

Kitu kimoja nakataza kabisa kwa ndugu zangu: kumkubali anayepiga simu akitaka kupuliza povu chini ya paa ili "EPC ipande". Benki nyingi zinakataa kukopesha kwa nyumba yenye povu hilo, kwa hofu kwamba mbao za paa zinashika unyevu na mkaguzi wa majengo hawezi kuziona. Unaweza kupata alama ukakosa mnunuzi. Kuliondoa ni gharama kuliko kuliweka.

Cheti chenyewe kwa kawaida ni kati ya paundi 60 na 120. Serikali haijapanga bei. Mkaguzi mtafute mwenyewe kwenye daftari lilelile, kwa sababu dalali akikuletea wa kwake huenda na yeye kaongeza chake.

Nilipomaliza kumweleza binamu haya yote, nikamwomba postikodi yake, nikaingia daftarini tukiwa bado kwenye simu. Nyumba yake ilikuwamo. Aliyemuuzia alichukua cheti Septemba 2017, kabla yeye hajainunua: 61, D. Miaka kumi haijatimia. Hakuhitaji kuagiza chochote, na dalali naye hakuwa amejisumbua kutazama.

"Basi nitumie hichohicho?"

Unaweza, nikamwambia. Lakini darini uliweka pamba mpya, si ndiyo, mwaka ule wa korona? Cheti hiki hakiijui. Kipya kinaweza kukupa C. Risiti ya yule fundi unayo?

Kimya. Nikasikia droo inavutwa.

"Nitakupigia," akasema.